Kobalti ya Kolwezi imo ndani ya injini ya vita: Kongo idai kazi, bei peke yake haitoshi

Tangu Desemba 2024 shirika la Air Congo linasafirisha abiria kwa ndege za Boeing 737-800. Chini ya kila bawa kuna injini moja ya CFM56-7B, na hakuna Boeing 737-800 duniani inayotumia injini ya aina nyingine. Msafiri anayefunga mkanda pale Ndjili akielekea Lubumbashi anasikia mngurumo, anatazama mapanga ya mbele yakianza kuzunguka, na mawazo yake yako kwenye mizigo na saa ya kufika. Hakuna anayemwambia kwamba moyo wa injini hiyo ulibuniwa kwanza kwa ajili ya B-1, ndege ya jeshi la Marekani iliyokusudiwa kubeba mabomu ya nyuklia.

Namna moyo huo ulivyotoka jeshini ukaingia katika biashara ni habari ambayo viongozi wa Kinshasa wangefaa kuisoma kwa makini, sababu tangu tarehe 4 Desemba 2025 Kongo imetia sahihi na Marekani mkataba wa ushirikiano unaogusa madini yake. Kuna nchi iliyowahi kuketi mezani na Marekani juu ya injini hiyo hiyo, ikiwa na nguvu ndogo kuliko mwenzake, na ikatoka na kazi inayoilisha hadi leo. Nchi hiyo ni Ufaransa. Kongo nayo imo ndani ya injini za namna hii tangu zamani, lakini imo kama udongo uliochimbwa hapa na kusafishwa kwingine.

Kwanza, mashine yenyewe. Injini ya ndege ya kisasa, ile mafundi wanaita turbofani, ina feni kubwa mbele na moyo katikati. Moyo una sehemu tatu: kompresa inayobana hewa, chumba cha moto ambamo kerosini inawaka, na turbini, yaani gurudumu lenye mapanga madogo ambalo gesi ya moto inalizungusha, nalo linageuza kompresa. Turbini nyingine ya nyuma ndiyo inageuza feni. Katika ndege ya vita feni ni ndogo na hewa nyingi inapita ndani ya moyo, sababu rubani anataka mwendo wa kasi hata kama mafuta yanakwisha haraka. Katika ndege ya abiria feni ni kubwa sana, hewa nyingi inapita kando ya moyo, na mafuta yanatumika kidogo. Ukiondoa feni kabisa na kuweka nyuma turbini ya ziada, mashine hiyo hiyo inaweza kugeuza jenereta ya umeme, pampu ya bomba la gesi, ama mapanga ya meli. Kinachobadilika ni kile kinachofungwa mbele na nyuma ya moyo.

Moyo ndio ghali. Gesi inayotoka katika chumba cha moto ina joto linalopita kiwango ambacho metali ya turbini yenyewe ingeyeyuka. Mapanga yale madogo yanabaki mazima sababu yana vijitundu vinavyopitisha hewa isiyo na joto kali, yanapakwa kinga ya kauri, na metali yake inamwagwa na kupozwa kwa namna inayofanya panga zima liwe fuwele moja bila mshono ndani. Kufika hapo kunadai miaka ya majaribio na pesa ambayo mfanyabiashara wa kawaida hatoi kabla ya kujua atamuuzia nani. Jeshi linatoa. Jeshi halingoji faida, na bunge la nchi yenye hofu ya adui linapitisha bajeti. Kwa hiyo mara nyingi raia wanarithi moyo uliolipiwa na vita. Si kila mara: injini ya Spey ya Rolls-Royce huko Uingereza ilianza kwenye ndege ya abiria, Trident, ikaenda kwenye ndege za vita, kisha ikaingia katika meli na viwanda. Lakini njia ya kawaida inaanzia jeshini.

Sasa Ufaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni ya General Electric ya Marekani ilikuwa na F101, injini iliyolipiwa na jeshi la anga kwa ajili ya B-1. SNECMA, kampuni ya serikali ya Ufaransa, ilikuwa inatengeneza injini za ndege za vita za Mirage na ilitaka kuingia katika soko la ndege za abiria. Kampuni hizo zikapatana kutengeneza injini moja kwa pamoja: moyo utoke kwenye F101, na Wafaransa watengeneze feni na turbini ya nyuma. Mwaka wa 1972 serikali ya Marekani ikakataa. Moyo wa B-1, walisema wakubwa wa Washington, ni siri ya jeshi, hauwezi kuvuka bahari.

Jambo likapanda hadi kwa marais. Mwisho wa Mei 1973 Richard Nixon na Georges Pompidou walikutana Reykjavik, na injini ilikuwa kati ya mambo yaliyozungumzwa. Marekani ikalegeza, kwa masharti makali. Moyo utatengenezwa Marekani na kupelekwa Ufaransa ukiwa tayari umekusanywa, bila Wafaransa kupewa siri zake. Serikali ya Marekani italipwa dola milioni 80, kama kurudisha sehemu ya pesa iliyotumika kubuni F101. Karatasi zilizofunguliwa miaka mingi baadaye zilionyesha pia kwamba Ufaransa ilikubali kutodai ushuru juu ya ndege za Marekani zinazoingia Ulaya.

Mtu anayesoma masharti hayo haraka atasema Ufaransa ilishindwa. Ilinyimwa moyo, ikaacha ushuru, na bado pesa ikaenda Washington. Lakini Wafaransa hawakung'ang'ania kitu ambacho hawangepewa. Waling'ang'ania nusu ya kazi. Kampuni ya CFM International iliundwa mwaka wa 1974, nusu kwa nusu, na kila injini iliyouzwa tangu hapo ina feni, turbini ya nyuma na giaboksi zilizotoka upande wa Ufaransa.

Haikuwa rahisi. Kwa miaka karibu mitano injini hiyo haikupata mteja hata mmoja. Mwaka wa 1979 mashirika ya Marekani yakaichagua ili kuzifufua ndege zao za zamani za DC-8. Kisha jeshi la anga la Marekani lenyewe likaichukua kwa ajili ya KC-135, ndege zinazobeba mafuta ya kuzinywesha nyingine angani. Zaidi ya 400 zilibadilishwa injini. Mtu akae hapo kidogo. Moyo uliotoka jeshini kwenda kwa raia ulirudi jeshini, safari hii ukiwa umefungwa pamoja na vyuma vya Wafaransa, na ni Pentagon iliyolipa. Mwaka wa 1984 ikaja Boeing 737-300, mwaka wa 1988 Airbus A320. Leo CFM56 zilizotengenezwa zimepita 30,000. SNECMA inaitwa Safran, na pesa yake kubwa haitoki katika kuuza injini mpya. Inatoka katika spea na matengenezo ya injini zilizouzwa zamani, ambazo zinarudi karakana mara kwa mara katika maisha yao yote.

Moyo ule ule wa F101 ulizaa mtoto mwingine: F110, injini inayosukuma F-16 nyingi. Kwa hiyo ndege ya vita ya F-16 na Boeing inayobeba mama na mtoto kwenda Lubumbashi zina injini za tumbo moja. Wale wanaodai kwamba madini ya Kongo yauzwe tu kwa kazi ya amani wana nia njema, ila dai lao halina mahali pa kushika. Metali ikishayeyushwa, hakuna anayeweza kusema kipande hiki ni cha raia na kile ni cha mwanajeshi. Katika viwanda vya kumwaga mapanga ya turbini wateja wa pande zote mbili wanangoja kwenye foleni moja.

Njia ya tatu, ile ya viwanda na umeme, inaonekana vizuri katika ukoo mwingine wa General Electric. Mwaka wa 1965 kampuni hiyo ilipewa kazi ya kutengeneza TF39 kwa ajili ya C-5 Galaxy, ndege kubwa kabisa ya mizigo ya jeshi la Marekani. Ilikuwa turbofani ya kwanza yenye feni kubwa kweli kweli: hewa iliyopita kando ya moyo ilikuwa mara nane ya ile iliyopita ndani. Kutoka kwake ikatoka CF6 ya ndege za abiria. Wazee wa Kongo wanaijua bila kujua: DC-10 za Air Zaïre, zilizoanza kuruka mwaka wa 1973 na ambazo watu wengi bado wanazitaja kwa huzuni, zilikuwa na CF6. Na kutoka TF39 hiyo hiyo ikatoka LM2500, mashine isiyo na feni, inayosukuma manowari za Marekani na za nchi nyingine nyingi, inayopampu gesi katika mabomba marefu na kuwasha taa katika visima vya mafuta vya baharini.

Kuna LM2500 iliyofungwa juu ya remorki. Inavutwa na lori, inafungwa, na inatoa karibu megawati 30. Hiyo ni sawa na kituo kizima cha Ruzizi I, kinachosaidia kuangaza Bukavu tangu miaka ya 1950. Msomaji wa Bukavu anayelala gizani siku tatu mfululizo atauliza: kwa nini isiletwe moja? Jibu liko kwenye tenki la mafuta. Mashine ya namna hiyo ikifanya kazi kwa nguvu yote na mazuti, hesabu ya kawaida inaonyesha kwamba inakunywa karibu lita 8,000 kwa saa moja. Lori la mafuta linalopanda kwa shida barabara ya Uvira lingekwisha kabla ya jua kutua. Ghana ilikodi 10 za namna hiyo mwaka wa 2015, kwa mkataba wa dola milioni 510 ambao ulileta ugomvi mkubwa bungeni na hadi leo haujasahaulika. Ghana ilikuwa na gesi; Kivu ina methani ndani ya ziwa, lakini hata Rwanda, inayoichoma huko Karongi na kupata megawati 26, ilichagua injini za pistoni. Maji ya Ruzizi bado ni njia ya akili zaidi. Mashine hizi zinafaa mahali ambapo mafuta yako karibu na umeme unahitajika mara moja, ndani ya dakika 10. Ndiyo sababu siku hizi huko Marekani injini za CF6 zilizotolewa kwenye ndege kuukuu zinafanyiwa kazi upya ili kulisha umeme wa majengo makubwa ya kompyuta.

Tuachane na umeme. Jambo kubwa liko ndani ya mapanga yale madogo.

Mapanga ya turbini yanatengenezwa kwa aloi ya nikeli. Nikeli peke yake haiwezi kuvumilia. Wanaichanganya na metali nyingine, na katika aloi zinazojulikana sana za mapanga ya fuwele moja, kobalti inafika kati ya asilimia 7 na 10, na tantali asilimia 6 hivi. Tungsteni nayo imo. Kobalti ya dunia inatoka zaidi Kongo, katika Lualaba na Haut-Katanga. Tantali inatoka katika koltani, na koltani inatoka Masisi, Walikale, Kalehe. Watu wengi wamefundishwa kwamba koltani ni ya simu. Ni kweli, lakini si yote; gramu kwa gramu, sehemu yake inaishia mahali penye joto kuliko pote katika ndege.

Je, Kongo ina nguvu gani basi? Swali hilo lilishajibiwa mara moja, na jibu si tamu.

Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliingia Kolwezi. Tarehe 19 askari wa miamvuli wa Ufaransa wakaanza kuruka juu ya mji. Yaliyotokea kwa wakaaji yanajulikana na yanauma bado. Kisichosemwa sana ni kilichotokea katika ofisi za watengeneza injini. Zaire ndiyo ilikuwa muuzaji mkubwa wa kobalti duniani, na hofu ya wanunuzi ilikuwa kubwa kuliko upungufu wenyewe. Bei iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa 1978 ilifika dola 25 mwanzoni mwa 1979. Kwa Gécamines ilikuwa kama sikukuu.

Sikukuu ilikuwa fupi. Watengeneza injini walikaa na wahandisi wao na kuuliza: ni wapi kobalti inahitajika kweli, na ni wapi imewekwa kwa mazoea tu? Katika sehemu zisizo na joto kali sana wakaipunguza ama wakaitoa kabisa. Shirika la anga la Marekani, NASA, likafungua katika maabara yake ya Cleveland mpango maalumu wa kupunguza matumizi ya metali zinazotoka mbali. Orodha ya metali hizo ilikuwa na kobalti, na tantali pia. Watengeneza sumaku nao wakahamia vitu vingine. Kolwezi ilipotulia, sehemu ya wateja haikurudi. Jambo kama hilo lilitokea tena miaka ya 2000 kwa reniamu, metali nyingine ya mapanga ya turbini: bei ilipopanda sana, General Electric ilibuni aloi yenye nusu ya kiasi kile.

Hapo ndipo hoja nzima inasimama. Kwa kuziba mlango, mwenye madini anapata bei nzuri kwa mwaka mmoja ama miwili, na katika muda huo mnunuzi anajifunza kuishi bila yeye. Februari 2025 Kinshasa ilisimamisha usafirishaji wa kobalti. Tangu Oktoba 2025 kuna kiwango, tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya mwaka huo na tani 96,600 kwa kila mwaka wa 2026 na 2027. Bei ilikuwa imeanguka vibaya, na serikali haikukosea kutenda. Lakini kiwango ni kama koti la mvua. Mtu halijengi nyumba juu yake. Nguvu ambayo Kongo inayo leo ina tarehe ya kuisha, na mahali pa kuitumia ni mezani, wakati mnunuzi bado ana haraka.

Itumike kudai nini? Si kiwanda cha injini. Mwanasiasa atakayewaahidi watu wa Kivu kiwanda cha injini za ndege anapaswa kuchekwa. Ufaransa ya 1973 ilikuwa na miaka mingi ya kazi ya injini mikononi. Ilidai nusu sababu iliweza kuifanya. Kongo idai kile inachoweza kufanya, ama kile ilichowahi kufanya na kikapotea.

Na kipo. Katika miaka ya 1970 na 1980 Gécamines ilikuwa inatoa kobalti ya metali yenyewe, huko Luilu karibu na Kolwezi na Shituru huko Likasi. Vipande vya metali safi, tayari kwa kiwanda. Leo sehemu kubwa ya kobalti ya Kongo inaondoka kama hidroksidi, unga ulio njiani kuelekea kuwa kitu, na kusafishwa kunafanyika zaidi China. Nchi imerudi nyuma katika kazi wakati tani zimeongezeka. Unga huo unafaa betri; mtengeneza turbini anataka metali safi kabisa yenye karatasi ya maabara inayoaminika. Kudai kwamba sehemu ya kobalti inayokwenda kwa washirika wa Marekani iondoke Kolwezi kama metali si ndoto ya mtu aliyelewa. Ni kudai kitu ambacho baba wa wafanyakazi wa leo walikifanya kwa mikono yao.

Morocco inaonyesha hatua zinavyokwenda. Kobalti yake ya Bou Azzer ni kidogo sana ukiilinganisha na ya Lualaba, lakini inauzwa kama metali. Na kando ya mgodi, tangu 1999 kuna karakana Casablanca inayotengeneza upya CFM56 pamoja na Wafaransa. Vijana wa Morocco walianza kwa kufungua injini zilizochoka na kuzifunga tena. Oktoba 2025 Safran ilizindua huko Nouaceur mradi wa kiwanda cha kukusanya injini mpya. Kutoka karakana hadi kiwanda ni miaka 26. Ethiopia nayo ina karakana ya CFM56 Addis Ababa, na kwa kuwa Ethiopian Airlines ina asilimia 49 ya Air Congo, mlango wa kuwapeleka mafundi wa Kongo kujifunza upo wazi leo, bila kungoja Washington.

Kuhusu tantali hali ni ngumu zaidi, na kuficha hilo hakusaidii. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa Aprili 2024. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba waasi walikuwa wanakusanya huko angalau dola 800,000 kwa mwezi katika kodi za koltani, na mgodi huo peke yake unahesabiwa karibu asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wengine watasema: amani kwanza, kiwanda baadaye. Ni sawa, hakuna anayeweza kujenga mahali pa kusafisha tantali katikati ya vilima ambavyo risasi zinapita. Lakini mazungumzo ya amani na mazungumzo ya madini yanafanyika na watu wale wale, katika mji ule ule, na karatasi zinatiwa sahihi sasa. Kitu ambacho hakijaandikwa sasa hakitapatikana siku barabara ya Sake itakapofunguka vizuri.

Kuna jambo moja la tantali linaloweza kudaiwa hata leo, nalo halihitaji tanuru. Ni maabara. Bei ya gunia la koltani inategemea asilimia ya tantali iliyo ndani, na mchimbaji wa mikono hana njia ya kujua. Anaambiwa na mnunuzi, na mnunuzi naye anangoja jibu la maabara ya ng'ambo. Kwenye kila daraja kati ya shimo na mwenye kiwanda kuna mtu anayejua zaidi kuliko aliye chini yake. Maabara zinazotambuliwa na wanunuzi wa aloi, zikiwa Bukavu, Goma na Kalemie na kuongozwa na wakemia wa Kongo, zingebadilisha mapatano hayo haraka kuliko hotuba yoyote juu ya utajiri wa nchi. Tena gharama yake ni ndogo mbele ya dola milioni 80 ambazo Wamarekani walilipwa kwa moyo wa F101.

Hapo tena kuna funzo ambalo watu wanaliruka. Raia wa Marekani alilipia F101 kwa kodi, na serikali yake ikakumbuka kudai pesa hiyo injini ilipoingia katika biashara. Raia wa Masisi naye amelipa kitu kwa ajili ya madini haya, tangu miaka ya 1990. Hakuna aliyewahi kuketi na kuandika hesabu yake kwenye mkataba.

Wakati wa mazungumzo ya 1972 na 1973, nyuma ya wanadiplomasia wa Ufaransa walikuwa wahandisi wa SNECMA waliojua feni ni nini, turbini ya nyuma ni nini, na ni sehemu gani ya injini ambayo Marekani ingeweza kuachilia bila kulia. Bila wao Pompidou angeomba moyo, angenyimwa, na angerudi Paris mikono mitupu. Kongo ina kitivo cha politekniki Lubumbashi, ina wahandisi wazee wa Luilu na Shituru ambao wengine wanaishi kwa pensheni isiyofika, ina wanajiolojia Bukavu. Ujumbe ujao wa serikali unaokwenda kuzungumza juu ya madini unaweza kuacha nyumbani washauri wawili wa suti na kuwapa viti vyao watu wawili wanaojua kobalti inasafishwaje.